Kamba Nne za Kabanga

Bwana yangu Mbuyi hakuwa mutu wa kununua kamba za gitare sawa vile batu banunuaka nyanya. Ungemuona pa soko ya Kolwezi, kwa tata Nkulu, ungesema anachagua muke. Tata Nkulu alikuwa na kibanda ya kutengeneza radio, na chini ya meza yake mulikuwa sanduku ya bintu ya muziki: waya, lampe za ampli, spika za kupasuka, kamba. Mbuyi anafika, hasalimie hata sana, anachuchumaa pa ile sanduku. Anatoa kamba mu karatasi, anapitisha ukucha juu yake polepole, kutoka mwisho moya mpaka ku ingine. Ye alipigaka basi, ile gitare kubwa ya kamba nne, na kamba za basi, kumbe, haziko namna moya. Kuko za kukwaruza, zinalia nguvu lakini zinakula bidole na kula mbao ya shingo. Na kuko laini, zimezungushwa na utepe ya chuma bapa, sauti yake inatoka nzito, inaingia mu tumbo mbele ya kuingia mu masikio. Ye alitakaka zile laini.

Kisha anasema, "Tata Nkulu, nishikie." Nkulu anashika mwisho moya, Mbuyi anavuta ingine, anaidonoa na kidole. Kamba ya muzuri ikitetemeka, unaona mistari mbili tu, safi kabisa. Ukiona tatu, ile kamba ni ya bongo, ni mbovu, hata ufanye nini haitakaa sawa mu sauti. Anaangalia, anadonoa tena, anafunga jicho moya. Na mi niko nasimama pale na kitunga ya sombe, majani ya muhogo, jua inanipiga mu kichwa, na mi siko mutu wa kuvumilia.

"Mbuyi! Ile kamba itakupikia bukari ya kukula?"

Tata Nkulu anacheka. "Mama Huguette, umuache. Fundi ni fundi."

"Fundi wa kuchosha muke yake!"

Na akimaliza, anachukua pakiti mbili. Kila mara mbili, za namna moya, unene moya. Moya ilikuwa yake. Ingine ilikuwa ya Kabanga.

Hapa nieleze, juu kuko batu habajui. Mu familia ya bwana yangu, Baluba ya Kasai, mukizala mapasa, wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Kitu unapatia moya, unapatia na mwenzake, na kipimo isizidi: kaputula mbili, yai mbili, na ukimupiga moya kofi juu ya utundu, mwenzake pia anapata yake, hata kama alikuwa analala. Moya akikufa, habasemi amekufa. Banasema ameenda kuchota mayi, na sehemu yake inaendelea kutoka. Mi niko Muluba wa Katanga, baba yangu wa kaskazini, na kwetu pia mapasa iko na heshima yake. Lakini kutupia mufu kamba mupya za gitare? Ayi, hapana, hiyo ilinishinda.

Juu njo vile alifanyaka. Kabanga aliteleza angali mutoto mu lile shimo ya zamani ya mugodi, kando ya cité ya Musonoi, mutaa ya bafanyakazi ya mugodi; shimo ile imejaa mayi ya kijani. Batu balitafuta, habakuona hata kiatu. Basi kila mara Mbuyi akinunua kamba, anapita kwanza pa ukingo ya shimo, anatupa pakiti ya pili, anasema, "Mwana-mama, mutoto wa mama yangu, hii yako." Ananiacha nalia na hasira pale nyuma yake. Pakiti mupya! Haijafunguliwa! Anageuka, ananiangalia na yale macho yake ya upole, anasema, "Huguette, nikikula peke yangu, chakula haishuke." Na hasira yangu inaisha, juu nilimupenda ule mwanaume, mi sifichi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho mu mustari, nyuma yake hakuna tena nyumba, ni shimo. Siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anatoa ampli ku barza. Bafle, ile sanduku ya spika, alitengeneza mwenyewe na mbao ya masanduku, spika yake ilipasuka akaibandika na karatasi na gundi ya baskeli. Anapiga, sauti inaenda mu shimo, inazunguka mu zile kuta za mawe, inarudi kidogo nyuma ya ile ya kwanza. Mi nilisemaka ni mwangwi. Ye alisemaka ni Kabanga anajifunza.

Kisha miaka ya kuharibika ikafika. Batu balipora maduka, kazi ya mugodi ikalala, atelier, ile karakana Mbuyi alifanyaka kazi, ikafungwa, mushahara ikawa karatasi ya kufungia karanga. Sanduku ya tata Nkulu ikabaki na vumbi. Mbuyi akaanza kuchemsha kamba za zamani juu ya kutoa jasho na uchafu, zilie tena kidogo. Na alichemsha mu nini? Mu sufuria yangu ya sombe! Nilifika nikaona kamba zinajiviringisha mule sawa minyoo, nikapiga kelele mpaka majirani bakatoka inje.

"Mbuyi, siku moya utanilisha chuma!"

"Mama, kamba ya kuchemsha inapata sauti ya siku tatu."

"Na sufuria yangu itapata sauti gani?"

Ile miaka Kabanga hakupata kitu, juu Mbuyi pia hakupata kitu. Sawa kwa sawa, mi nilifikiri, hakuna deni. Lakini siku moya ya Mungu, kisha chakula, nilikuwa nachambua mboga pa mulango. Mbuyi alikuwa na gitare ku magoti. Mukono yake ilikuwa juu, haijashuka, mi nilikuwa naiangalia kabisa na macho yangu mbili. Na mu shimo kamba ikalia. Nzito, moya tu. Kisha njo mukono ya Mbuyi ikashuka, akapiga ile ile.

Mwangwi ilitangulia. Mboga ikanianguka mu mikono.

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia."

"Ingia mu nyumba. Ingia, nimesema!"

Akazima ampli, akakaa pale. "Ni siku mingi sijamupatia kitu," akasema. "Anachoka kungoja." Kuanzia pale hakupiga tena ku barza.

Njo ile wakati balianza kusema Kolwezi ni ya benye Kolwezi. Mwaka 1993, mu majira ya mvua. Batu ya Kasai, ile babu yabo aliletwa na treni kufanya kazi ya mugodi, sasa balikuwa bilulu, badudu ya kufagia. Bijana balipita nyumba kwa nyumba na fimbo na visu, banaimba. Mbuyi alizaliwa Musonoi. Kasai hakuijua hata mu picha. Siku moya kaka yangu Mukuna akaingia kwangu bila kupiga hodi, na kitambaa ya rangi ya bale bijana ku kichwa.

"Huguette, weye iko dada yetu, hakuna mutu atakugusa. Ubaki. Ule aende kwabo."

"Kwabo ni wapi, Mukuna? Kwabo ni pa ile kitanda unaiona pale!"

"Usinipandishie sauti."

"Nitakupandishia na sufuria ku kichwa!"

Alitoka, anatukana. Sikia, mi sikuwa natafuta haki, ile nilijua haiko. Nyumba pia, baikamate. Mungu hakutupatia mutoto, mama yangu alikufa zamani, na ndugu yangu ya damu unaona namna gani alikuwa. Nilikuwa na mutu moya mu dunia. Nilitaka ule mutu abaki wangu, hapa ao kule, mu nyumba ao chini ya muti. Njo kitu yote nilimuomba Mungu.

Tukaenda ku gare, sawa batu yote. Tulilala chini kando ya reli, chini ya bikwembe, nguo zetu za kujifunga, na mabati, tunangoja treni ya kutupeleka Kasai. Ilinyesha. Batoto balianza kuharisha, na kila siku tulikuwa tunazika. Mbuyi alibeba gitare yake nyekundu, ampli na bateri ya lori, batu balimucheka: wengine banabeba unga, ye anabeba muziki! Lakini pa kuzika, korale ya kanisa ilikuwa inaimba na ye anapiga basi pale chini, polepole, na bamama balisema ile sauti inabashikilia mugongo basianguke. Mpaka siku ile kamba nyembamba, ya noti sol, ilikatika pa katikati ya wimbo, ikamupasua shavu. Zile tatu zilibaki zilikuwa za kuoza, zinalia sawa ukuni; akazitoa, akazitupa.

Kesho yake tata Nkulu akakuja. Ye ni mutu wa kwetu Katanga, bijana bangemuona anasaidia Bakasai bangemuvunja, lakini alipita katikati ya batu na kofia mpaka ku macho. Akatoa karatasi mu shati.

"Mbuyi, hii njo ya mwisho mu Kolwezi muzima. Laini. Niliificha kwa ajili yako."

Mbuyi akapanguza mikono yake ku suruali. Akapitisha ukucha. Nkulu akashika mwisho, Mbuyi akadonoa: mistari mbili. Akachukua ingine, na ingine, mpaka zote nne. Mbili, safi. Batu pembeni banaangalia bale bazee babili banacheza na kamba katikati ya ule mateso. Mbuyi akacheka. Tangu tufike ku gare sikuwa nimeona meno yake.

Kisha kicheko ikazimika. "Iko pakiti moya tu?"

"Moya tu, ndugu yangu."

"Basi tutagawanya. Kamba ya noti mi na ya noti la, zile nene, zangu. Ya ré na ya sol, nyembamba, za Kabanga."

"Na utapiga namna gani na kamba mbili?" nikauliza.

"Nitapiga nusu," akasema. "Treni banasema itaondoka leo kisha saa ya chakula. Inafaa niende Musonoi kwanza."

Mama wee! Nilimushika mu shati. Mukasai peke yake mu njia ya Musonoi, ile siku? Bangemuua mbele ya kufika ku daraja. Lakini alishaanza kufunga biatu, na mi nilimujua: upole yake ilikuwa na mufupa ndani. Njo Mungu akaleta Mukuna, kaka yangu, anakuja tena kunivuta mukono. Nikamuambia: "Mukuna, utusindikize Musonoi. Ye aage ndugu yake. Kisha pale tutaongea." Alifikiri nitabaki. Akakubali, akakamata fimbo yake, akatembea mbele yetu sawa mwenye kupeleka ng'ombe, na bijana pa njia balimusalimia tu.

Cité ilikuwa nusu tupu. Nyumba ya majirani balishaikamata, ingine baliondoa milango na mabati. Yetu haikuguswa. Mulango ilikuwa wazi, meza pa nafasi yake, na sufuria yangu bado ku mafiga. Mukuna alisema batu banaogopa kukaa pale juu ya kelele ya ku shimo. Sikumuuliza kelele gani.

Tukasimama pa ukingo. Jua ilikuwa juu ya kichwa, hakuna upepo, mayi ya kijani pale chini haitikisike. Mbuyi akafungua karatasi. Mi nilingoja atoe mbili. Akatoa nne.

"Mwana-mama," akasema, "mi ninaenda. Kule ninaenda sijui mutu, sijui njia. Kwetu ni hapa. Basi ninakuachia yote."

Niliruka, nikamukamata mukono. "Sema nusu! Mbuyi, sema nusu!"

Alikuwa analia, machozi inapita juu ya kile kidonda ya shavu. "Huguette, tangu tuzaliwe, mi na ye tunakula nusu-nusu. Leo ninaagana. Acha nimupatie mutoto wa mama yangu kitu kizima."

"Mapasa haipewi kitu kizima, weye njo ulinifundisha! Sema nusu!"

Akatupa. Zile kamba zikajifungua mu hewa, zikaangaza, zikaanguka, na sikusikia zikigonga mayi. Nilimupiga ku kifua na ngumi. Nilimuambia aite tena, aseme alikosea, aseme mbili tu. Akatikisa kichwa. Neno ilishatoka mu kinywa, akasema, na mbele ya Kabanga habasemaka mara mbili.

Mukuna alikuwa pale nyuma, anatuona sawa wendawazimu. "Tuende," akasema. "Muko na—" Akakatika.

Kamba ililia mu shimo. Ile nene, ya noti mi, murefu, nzito, niliisikia mu nyayo ya miguu. Ikanyamaza. Kisha ile ya noti la. Kisha mutu akakaza kidogo, sauti ikapanda, ikakaa pa nafasi yake. Kisha ré. Ampli yetu ilikuwa ku gare. Gitare yetu ilikuwa ku gare.

"Nani anapiga?" Mukuna akauliza. Kaka yangu, simba ya cité muzima, sauti yake ilikuwa ya mutoto wa kike.

"Anajaribisha kamba," Mbuyi akasema.

Mukuna akageuka. Alitembea kidogo, kisha akakimbia, akaacha fimbo yake mu majani. Hakuniomba tena kubaki. Siye tulirudi peke yetu, mi nakamata ile fimbo yake mu mukono, na hakuna mutu aliyetugusa. Kitu moya niliona pa njia na nikajizuia kukifikiri: bijana balinisalimia, "Mama, unaenda wapi peke yako?"

Treni iliondoka. Wagoni ya wazi, ya kubebea mawe ya shaba, batu juu ya batu. Tulipita Tenke, tulipita Bukama, tunasimama siku muzima mu pori juu mashini imekufa, tunaendelea. Mbuyi hakuwa mugonjwa. Hakuharisha, hakuwa na homa. Alikuwa tu anapunguka. Mama moya mu wagoni alikuwa anagawa mihogo, kila mara anamuruka. Nikamukaripia: "We mama, bwana yangu si mutu?" Akashituka. "Eh, unisamehe, sikumuona." Na alikuwa amekaa mbele ya magoti yake. Mutoto wa ule mama akakuja kulala pa nafasi Mbuyi alikuwa, akamulalia juu kabisa, hakusikia kitu.

Sauti yake ikaanza kupotea pa chini. Bile maneno mazito ya mwanaume ikatoka, ikabaki pumzi. Alikuwa na ile gitare bila kamba ku kifua, bidole inatembea juu ya shingo tupu, na kichwa anaelekeza nyuma, kule tulitoka.

"Unasikia?" ananiuliza. "Amefika pa sehemu ya pili. Anapiga muzuri kunipita."

"Sisikii kitu. Kula."

"Huguette."

"Nini?"

"Mi ninaitwa nani?"

Nikamuambia. Nilimuambia mu sikio, mara mingi, Mbuyi, Mbuyi, weye ni Mbuyi, weye ni bwana yangu. Akanishukuru sawa vile mugeni anashukuru mutu alimuonesha njia. Mbele ya kufika Kaniama, mu mangaribi, treni ikasimama mu pori. Nikageuka kumupatia mayi. Alikuwa amekufa, macho wazi, na uso ya mutu anasikiliza muziki.

Nilimuosha mi mwenyewe. Nilimufunga mu kikwembe yangu ya ndoa. Wanaume babili balinisaidia kuchimba kando ya reli, na udongo nilitupa na hii mikono, na gitare tuliisimamisha pa kichwa ikuwe musalaba. Ninasema hii yote polepole juu musikilize muzuri. Nilimuzika. Hakuna mutu alinisimulia.

Basi nikafika Mwene-Ditu, kule Kasai, mu muji ya babu ya bwana, bila bwana. Batu bananiita Mama Katanga. Bamama ya kanisa balinipatia chumba, nikaanza kukaanga mikate pa njia ya gare, naishi. Kulia nililia mpaka nikachoka kusikia sauti yangu. Batu balisema utazoea. Mi sikuzoea. Asubui nilikuwa naamuka na mukono unatafuta mutu mu kitanda, na kila asubui ninamukuta hayuko, mupya kabisa, sawa siku ya kwanza. Ningemupa Mungu kila kitu nikuwe na ule uso mbele yangu tena, hata siku moya, hata ananichemshia kamba mu sufuria.

Ilipita mwaka na zaidi. Batu balianza kusafiri tena kidogo-kidogo, ku biashara. Na asubui moya, mafuta inachemka, nikasikia mutu anacheka ku mulango. Alikuwa Mbelu, jirani yetu wa zamani ya Musonoi. Ye pia alifukuzwa, akaenda na treni ingine, sasa alikuwa anaenda na kurudi na chumvi na bikwembe, ule mwanamuke haogope kitu. Tulikumbatiana, tulilia, tulicheka. Kisha akasema:

"Bwana yako anakusalimia."

Nikaweka kijiko chini. "Bwana gani?"

"Bwana gani! Uko na ngapi? Mbuyi, si Mbuyi! Nimemukuta Musonoi, mu nyumba yenu. Batu banasema treni ilimurudisha, hakuna anajua namna gani. Bale bijana banapita pembeni yake, habamuambie kitu. Anapiga mu kanisa, na ile gitare yake nyekundu. Na kamba! Kolwezi muzima hakuna kamba, ye iko na mupya nne, zinaangaza. Amenenepa. Ila shati yake sijui anafua wakati gani, kila saa iko mayi mayi."

Mikate iliungua. Sikuitoa.

"Na anakupenda, ule!" Mbelu akaendelea, anajipiga mapaja. "Huguette hapa, Huguette pale. Lakini ni mutu wa michezo, kweli. Unajua aliniuliza nini? 'Mbelu, muke yangu ana sura gani? Ni murefu? Akicheka anakuwa namna gani?' Nilicheka mpaka machozi!"

Mi sikucheka. Nikakaa juu ya guniya ya unga. Sauti ya kusema nilikuwa nayo bado, hasira ilinipatia.

"Mbelu, ukirudi kule, umuambie hivi. Umuambie bwana yangu iko Kaniama, kando ya reli. Umuambie kamba alipewa, nyumba alipewa, jina achukue kama anataka. Mi siko gitare. Mi sikupewa kwa mutu."

Mbelu akaniangalia. Kicheko ikamutoka. "Mama, mi sijui munagombana nini weye na ye. Hiyo utamuambia mwenyewe. Tumepanda naye treni moya. Nimemuacha ku gare, anashusha mizigo yangu."

Nilikaa. Nakumbuka nilizima moto, nakumbuka Mbelu ananiita. Nilijiambia: Huguette, funga mulango. Uite bamama ya kanisa, bakuje kuomba. Uufunge, ukae ndani, usitoke mpaka treni irudi na mutu wake. Nilifika pa mulango na mukono juu ya komeo.

Njia yote nilikuwa nasema si ye, si ye, ulimuzika mwenyewe, si ye. Miguu haikusikia. Nilikuwa nakimbia, mutu muzima, biatu mu mikono, batoto bananizomea, kitambaa ya kichwa ilianguka sikugeuka. Kelele ya gare ilikuwa inakaribia. Na mufu sikumuogopa, na yale mayi sikuyaogopa, Mungu anisamehe. Niliogopa kitu moya tu: apite karibu yangu na ule uso, asinijue.